Waipa za Gari Zinapogoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye magari huyarudia kila masika yanapoanza, kwa kuwa ndipo wengi hugundua kwamba waipa ambazo hazijaguswa tangu vuli hazifanyi kazi. Majibu yanalenga zaidi magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, yenye usukani kulia na umeme wa volti 12. Malori na magari ya usukani wa kushoto yamewekwa mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Waipa inafanyaje kazi, na ni kipi kinachoharibika kwanza?

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huingia kwenye swichi ya waipa iliyo kushoto kwa usukani, kisha huifikia mota iliyofichwa chini ya plastiki iliyo kati ya boneti na kioo cha mbele. Katika magari mengi mota hiyo huzunguka upande mmoja tu, wala hairudi nyuma. Kinachogeuza mzunguko huo kuwa mwendo wa kwenda na kurudi ni kikono kifupi pamoja na fito za chuma ambazo mafundi huziita linki, zinazoungana kwa vifundo vyenye bushi za plastiki. Mwisho wa linki kuna ekseli mbili fupi zenye meno. Juu yake hufungwa mikono ya waipa kwa nati, na kwenye mikono hukaa bledi zenye mpira.

Mpira huchakaa kwanza, hufuatiwa na bushi za linki, na nati hulegea wakati wowote, hasa ikiwa ilifungwa na mtu mwenye haraka. Mota huwa ya mwisho kufa, ingawa ndiyo inayolaumiwa kwanza. Kwa sababu hiyo, majibu yote yaliyo hapa chini yanaanza na kitu cha bei ndogo kinachofikiwa kwa mkono kabla ya kufungua chochote.

2. Mpira wa waipa hudumu kwa muda gani?

Ushauri wa kawaida ni kuubadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12. Katika nchi zetu kinachouua mpira ni jua zaidi kuliko mvua: gari likishinda juani, kioo hupata moto, mpira hukauka na kushika umbo la kulalia upande mmoja. Pitisha kidole kwenye ukingo wake. Ukiusikia una nyufa, umekakamaa au umepinda kama ganda la ndizi lililokauka, usisubiri mvua ikuthibitishie.

3. Nitajuaje saizi ya bledi?

Pima ile iliyopo kwa futi kamba, kwa kuwa bledi ya dereva na ya abiria mara nyingi hazilingani urefu. Bledi huuzwa kwa inchi au milimita: inchi 14 ni takriban milimita 350, inchi 20 ni 500, na inchi 24 ni 600. Usiongeze urefu ukidhani utafuta eneo kubwa zaidi, kwani bledi ndefu hugongana na mwenzake au huupiga ukingo wa kioo, na pia huilemea mota. Angalia vilevile namna ncha ya mkono ilivyo: nyingi zina ndoano yenye umbo la herufi U, lakini si zote, na bledi ya ndoano haitakaa kwenye mkono wa pini.

## Zinafuta, lakini vibaya

4. Kwa nini waipa zinaacha mistari au ukungu kwenye kioo?

Tofautisha kwanza dalili hizi mbili. Mstari mwembamba unaobaki mahali palepale kila bledi inapopita unaonyesha kwamba mpira umechanika au umenasa mchanga. Ukungu mwepesi unaotanda baada ya bledi kupita, kisha ukapotea baada ya sekunde moja au mbili, unatokana na utando wa mafuta ulio kwenye kioo chenyewe, na hata ukinunua bledi mpya utaendelea kuuona.

Utando huo hutokana na moshi wa magari yaliyo mbele yako, nta iliyomo katika shampuu za kuoshea magari, na dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi inaporushiwa kioo kwa bahati mbaya. Ili kuupima, mwagia kioo maji safi: yakitandaa kama shuka, kioo ni kisafi; yakijikusanya matone, kuna mafuta, isipokuwa kama kioo kilipakwa kwa makusudi dawa ya kufukuza maji. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza kwa maji mengi, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Halafu futa mpira wenyewe kwa kitambaa chenye spiriti, ukirudia mpaka weusi unaotoka upungue. Petroli, dizeli na mafuta ya taa visiguse mpira kamwe, kwa kuwa huuvimbisha na kuulegeza, hata kama siku ya kwanza utaonekana mweusi na mpya.

Jambo moja linalofanywa na madereva wengi baada ya safari ya barabara ya vumbi ni kuwasha waipa kwenye kioo kikavu ili kuondoa vumbi. Punje za mchanga zilizo chini ya mpira huchora nusu duara kwenye kioo, na mikwaruzo hiyo haionekani mchana. Huonekana usiku, taa za gari linalokuja zinapoimulika. Mwagia maji kwanza.

5. Waipa zinapiga kelele na kurukaruka. Tatizo ni nini?

Mpira wa waipa unapofuta hulala kinyume na upande unaokwenda, na kila ufikapo mwisho hujigeuza ili ulale upande wa pili. Ukikakamaa haujigeuzi, upande mmoja hufuta vizuri na upande wa pili hurukaruka kama mtu anayekokota meza sakafuni. Safisha kioo na mpira kama ilivyoelezwa katika swali la 4, na ikiwa kelele haiishi, badilisha mpira.

Kama bledi ni mpya na bado inaruka ikienda upande mmoja tu, mkono umepinda. Hutokea mara nyingi mahali pa kuoshea magari, kijana anapoushika mkono na kuuvuta ili afikie kioo. Ondoa bledi, weka taulo juu ya kioo, shusha mkono taratibu na utazame ncha yake: ubapa wake unapaswa kulala sambamba na kioo. Ukiwa umeinama, unaweza kuunyoosha kidogo kidogo kwa plaizi mbili zilizofungwa kitambaa, ukirudia kupima.

6. Kuna eneo la kioo lililo mbele ya dereva ambalo bledi hailigusi kabisa.

Springi ya mkono imelegea au imeshika kutu, au umbo la bledi halilingani na mviringo wa kioo. Bledi bapa za bei nafuu zina tabia hii kwenye vioo vilivyopinda sana. Jaribu kwanza bledi ya fremu ya chuma yenye saizi ileile kabla ya kununua mkono mzima.

## Hazifanyi kazi kabisa

7. Nimewasha swichi na hakuna kinachotokea. Nianzie wapi?

Anza na masikio. Hakikisha swichi ya gari iko mahali pa kuwashia, si pale pa kusikiliza redio tu, kwa kuwa waipa nyingi hazipati umeme hapo. Zima injini na redio, washa waipa, kisha usikilize kwenye kona ya kioo. Ukisikia mngurumo bila mwendo, nenda swali la 9. Ukisikia kishindo kifupi kisha kimya, kuna kitu kimekaba: majani, nati iliyoshika kutu, au bledi iliyogandamana na kioo kwa utomvu wa mwembe.

Ukimya kamili unamaanisha kwamba umeme haufiki au mota imekufa. Fungua kisanduku cha fyuzi na utafute fyuzi iliyoandikwa WIP au WIPER kwenye mchoro wa kifuniko. Katika magari madogo huwa ya ampea 20 hadi 30. Ichomoe na uitazame kwenye mwanga, au bora uipime kwa testa, kwa kuwa ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Fyuzi ikiwa nzima, hatua inayofuata ni plagi ya mota. Chomoa plagi, washa waipa, na upime waya wa mwendo wa polepole na ule wa mwendo wa kasi kwa zamu. Ukipata takriban volti 12, swichi na nyaya za juu ni nzima, na kosa liko kwenye mota au kwenye waya wake wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Usipopata kitu, mota haina kosa. Tafuta kwenye swichi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) au waya uliokatika.

Kuna jaribio la zamani ambalo bado lina maana: waipa zikiwa zimewashwa, gonga mwili wa mota polepole kwa mpini wa bisibisi. Ikistuka na kuanza kuzunguka, kaboni zake, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Itaendelea kwa siku kadhaa, kisha itasimama tena, na kwa kawaida siku hiyo mvua inanyesha.

Wakati wa kazi hii yote mikono ya mtu isiingie kwenye linki swichi ikiwa imewashwa. Fito zile hukata kidole.

8. Fyuzi inaungua kila ninapobadilisha. Je, niweke kubwa zaidi?

Hapana, na wala usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi inayoungua inakuambia kwamba mota inavuta umeme kuliko kawaida kwa sababu imekabwa, au kwamba kuna waya uliochunika na kugusa bodi. Ondoa mikono ya waipa (swali la 11), weka fyuzi ya ukubwa sahihi, kisha uwashe: isipoungua, mzigo ulikuwa kwenye mikono au bledi. Ikiungua, tenganisha linki na mota na urudie. Ikiungua hata mota ikiwa peke yake, ichomoe plagi. Fyuzi ikisalimika hapo, mota ndiyo mbovu, na ikiungua bado, tafuta waya.

9. Mota inasikika ikinguruma lakini mikono haisogei.

Linki imechomoka kwenye kifundo chake. Ondoa plastiki ya chini ya kioo na utaiona ikining'inia. Kuirudisha kwa kuibana na plaizi kunawezekana, ila bushi iliyokwisha itaiachia tena. Bushi za plastiki za kubadilisha huuzwa peke yake. Kuifunga kwa waya wa kufungia mizigo ni dawa ya kufikia nyumbani tu.

10. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine umelala.

Jaribu kuusukuma kwa mkono, gari likiwa limezimwa. Ukisogea bila ukinzani, nati imelegea, au meno ya ndani ya mkono yamesagika. Ya ekseli ni ya chuma kigumu na kwa kawaida hupona. Kaza nati na ujaribu tena. Meno yakiwa yamekwisha, badilisha mkono. Ukiona ekseli yenyewe haizunguki, rudi swali la 9.

11. Nitaondoaje mkono wa waipa bila kuvunja kioo?

Washa na kuzima waipa ili zirudi mahali pa kupumzikia, kisha bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kioo kuonyesha bledi ilipolala. Ng'oa kifuniko cha plastiki, fungua nati (mara nyingi spana namba 12 au 14), inua mkono nusu, na uutikise kushoto na kulia ukiuvuta juu. Ukikataa, mwagia dawa ya kutu na usubiri, au tumia puli, kifaa cha kuvutia mkono utoke kwenye ekseli. Usipige nyundo, kwa kuwa pigo huishia kwenye ekseli na linki. Mkono usio na bledi usiachwe wima hata dakika moja bila taulo juu ya kioo. Springi yake ina nguvu ya kutosha kupasua kioo ukiangukia ncha ya chuma.

## Mwendo usio sahihi

12. Waipa zinakwenda polepole, hasa usiku.

Usiku taa zimewashwa na umeme unagawanywa. Pima betri injini ikiwa inanguruma: ukipata chini ya volti 13, altaneta, mashine inayochaji betri, haifanyi kazi ipasavyo, na waipa ni shahidi tu wa tatizo hilo. Ikiwa kati ya 13.8 na 14.5, umeme upo, tafuta ukinzani. Inua bledi zote mbili zisiguse kioo, kisha uwashe. Zikienda kasi hewani, kioo ni kikavu au mpira ni mbovu. Zikibaki polepole, ekseli za linki zimekauka grizi au waya wa ethi una kutu.

Mwandishi wa majibu haya aliwahi kununua mota mbili katika vuli moja kwa ushauri wa fundi ambaye hakupima chochote. Zote mbili zilikwenda polepole vilevile. Kosa lilikuwa bolti moja ya ethi iliyoshika kutu chini ya plastiki, mahali ambapo majani ya mwarobaini yalikuwa yameziba tundu la kutolea maji na kufanya kidimbwi. Tangu hapo naliona tundu hilo kuwa sehemu ya waipa: safisha majani kabla ya kila msimu wa mvua.

13. Mwendo mmoja tu ndio unaofanya kazi, au ule wa kupumzikapumzika umekufa.

Mota ya kawaida ina kaboni tatu: moja ya pamoja, moja ya mwendo wa polepole na moja ya kasi. Kukosekana kwa mwendo mmoja kunaonyesha kaboni yake au mguso wa swichi, na jaribio la plagi katika swali la 7 litakuambia ni kipi. Mwendo wa kufuta mara moja na kutulia, ambao hataza yake Mmarekani Robert Kearns aliipata mwaka 1967 baada ya kuwaza juu ya jicho linavyopepesa, hutegemea rilei au sakiti ndogo ya saa. Katika baadhi ya magari sakiti hiyo imo ndani ya swichi yenyewe, hivyo hubadilishwa pamoja nayo.

14. Nikizima, zinasimama katikati ya kioo.

Ndani ya kasha la gia la mota kuna kisahani cha shaba kinachoendelea kuipa mota umeme baada ya wewe kuzima, mpaka mikono ifike chini. Mguso wake ukichafuka au kuliwa, mota hukatika palepale ulipozima. Kasha huweza kufunguliwa, kisahani kikasafishwa na grizi mpya ikapakwa. Lakini kama zinasimama mahali pabaya palepale kila mara, kisahani ni kizima. Aliyefunga mkono alikosea jino. Fuata swali la 11.

15. Nimezima na bado zinaendelea.

Kisahani kilekile, rilei iliyoganda, au swichi. Ng'oa fyuzi ili uendelee na safari kama hakuna mvua.

## Maji ya kioo na waipa ya nyuma

16. Maji ya kuoshea kioo hayatoki.

Kama pampu inasikika, tatizo ni njia: mpira wa kupitishia maji umechomoka chini ya boneti, au tundu la kurushia limeziba. Zibua kwa sindano nyembamba bila kulipanua. Wanaojaza maji ya kisima ya chumvi, kama ilivyo kawaida pwani, huziba matundu yao kwa chokaa. Siki ya uvuguvugu huyafungua, na maji ya mvua au ya chupa huzuia yasizibe tena. Kama pampu iko kimya, angalia kwanza kama tangi lina maji, kwa kuwa pampu inayozungushwa mikavu huungua mapema, kisha fyuzi yake, ambayo katika baadhi ya magari huwa peke yake.

17. Waipa ya nyuma haifanyi kazi ingawa za mbele ni nzima.

Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni ekseli iliyoganda kwa kutotumiwa miezi mingi. Ya pili, ambayo mafundi wengi huichelewa, ni waya uliokatika ndani ya bomba la mpira linalounganisha bodi na mlango wa nyuma, mahali panapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Washa waipa huku mtu mwingine akifungua na kufunga mlango polepole. Ikistuka, umepata jibu.

## Spea na hali zisizo za kawaida

18. Ninunue mota mpya ya bei nafuu au ya mtumba kutoka Japani?

Kwa maoni yangu ya mtumba, kwa sharti kwamba ijaribiwe kwenye betri mbele yako, miendo yote miwili, na plagi ilingane na yako idadi ya pini na umbo. Mota mpya feki nyingi zina kasha la gia jepesi. Mpira na bledi, kinyume chake, usinunue vya mtumba.

19. Zimekufa njiani na mvua ni kubwa. Nifanyeje?

Toka barabarani kabisa, washa taa za dharura na usubiri. Madereva wa zamani hupaka kioo tumbaku au sabuni ili maji yatandae badala ya kufanya matone, na ni kweli husaidia katika rasharasha ya mchana. Usiku, au nyuma ya lori linalorusha tope, haisaidii.

20. Mikono ya gari la usukani wa kulia itafaa gari la usukani wa kushoto?

Kwa kawaida haifai. Mpangilio hugeuzwa ili eneo lisilofutwa lisiwe upande wa dereva. Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi, ambako magari hupita kulia, waulize swali hili kila wanapoagiza mikono au linki. Na anayenunua gari lililohamishwa usukani aliwashie waipa kwanza, kwa kuwa mara nyingine usukani umehama na linki imebaki, na dereva hubaki na utepe wa kioo chenye maji upande wake wa nguzo.

21. Naweza kufunga mota ya gari dogo kwenye lori?

Malori mengi hutumia volti 24, na mota ya volti 12 itaungua. Soma maandishi yaliyo kwenye kasha la mota, usitegemee kauli ya muuzaji. Kupata volti 12 kwa kugusa betri moja tu kati ya mbili kunazichaji betri hizo bila usawa na kuziua mapema.

22. Gari langu lina waipa zinazojiwasha zenyewe, na tangu kibadilishwe kioo zinajiwasha ovyo.

Kihisi cha mvua kimebandikwa nyuma ya kioo karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kwa kipande laini kinachong'aa ambacho hakipaswi kuwa na hewa ndani. Fundi wa vioo akikirudisha kile cha zamani chenye mapovu, kihisi huyadhani matone. Dai kipande kipya, na mpaka hapo zima hali hiyo kila unapoingia mahali pa kuoshea gari, la sivyo mkono utamkuta kijana na sifongo yake katikati ya kioo.